Mkeka wa Milima

Kila asubuhi Editha aliamka kabla ya kuamshwa. Alifagia uwanja wa nyumba waliyopanga pale Mwembesongo, mjini Morogoro, akawasha mkaa, akabandika maji ya chai, akapanga vitabu vyake vya darasa la saba kwenye begi, kisha akamwamkia mama yake mdogo, Judith, kwa sauti ile ile ya jana na juzi. Hakuvunja kikombe wala hakuchelewa shule. Majirani wenye watoto wakaidi walimtolea mfano kila siku, mpaka watoto hao wakamchukia bure.

Majirani hawakujua kwamba utulivu ule haukuwa adabu peke yake. Tangu mama yake azikwe kule kijijini Kinole, wakati wa masika ya mwaka uliotangulia, Editha alikuwa hasikii kitu. Msibani alilia kila mtu ila yeye. Kifuani palikuwa pamekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Wenzake wakicheka, naye alicheka. Chakula alikula kwa sababu saa ya kula imefika. Na lilikuwepo neno moja ambalo hakuwahi kulitamka. Watu walipomuuliza mama yake yuko wapi, alijibu, "Yuko Kinole," na hapo hakuwa amedanganya, maana kaburi liko huko huko, nyuma ya nyumba ya bibi yake, karibu na migomba.

Baba yake alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa, mbali na mji, na alikuja mara moja moja. Kwa hiyo Editha alilelewa na Judith, na hilo halikumshangaza mtu wa kwao. Kwao mama mdogo ni mama.

Judith alisuka mikeka ya ukindu, kama alivyosuka dada yake Veronika, mama wa Editha. Ukindu uliletwa mafungu mafungu na magari yanayoshusha ndizi kutoka milimani. Judith aliuchana, akauchemsha na rangi kwenye sufuria lililokwisha kazi za jikoni, akauanika, kisha akakaa kibandani kwake kando ya barabara akisuka na kungoja wateja. Wateja walikuja kweli, lakini wakapitiliza kwa jirani yake aliyeuza mikeka ya plastiki yenye picha za tausi. Judith alianza kusema kwamba mwaka ukiisha hivi, ataacha kusuka akauze maandazi. Alilisema hilo huku akicheka, lakini hakuwa anatania.

Aliyemkatalia ni Zuhura, msichana wa chumba cha tatu, ambaye aliuza mitandio kwa simu bila kuwa na duka wala meza.

"Dada Judith, hapa wanakuona wapita njia tu," Zuhura alimwambia jioni moja. "Simu nzuri unayo. Unaitumia kupigia watu pole na hongera. Si uwaonyeshe mikeka?"

"Mambo ya mitandao siyawezi, mdogo wangu. Mfundishe huyo," Judith akamwonyesha Editha kwa kidevu. "Ana vidole vyepesi."

Zuhura akaingia kazini hapo hapo. Walifungua ukurasa, wakauita Mikeka ya Judith. Editha akapiga picha ya kwanza, akaileta ikaguliwe.

"Hapana, mdogo wangu. Nyuma naona ndoo. Ukiiposti hii, watu watataka kununua ndoo."

Alimfundisha kupiga asubuhi, jua likiwa bado laini, na kusogea karibu ili msuko uonekane. Alimfundisha kuandika urefu na upana wa mkeka, na kutaja mahali ulipo, kwa sababu mteja wa mtandaoni hana subira ya kuulizia. Akamwonyesha jinsi ya kuweka alama ya reli mbele ya neno Morogoro na neno ukindu, ili anayeyatafuta maneno hayo aukute ukurasa wao. Kulikuwa na stori, ambazo hufutika zenyewe baada ya siku moja, na kulikuwa na video fupi, ambazo Zuhura alizisifia kuliko vyote. "Picha wanaiangalia, video wanaitumiana," alisema. "Na mtu akiuliza, mjibu hapo hapo kabla hajapoa."

Editha alishika yote upesi. Hakuwa na jambo jingine kichwani la kumsumbua.

Wakaposti mikeka ya Judith. Walioipenda walikuwa Zuhura mwenyewe, mashangazi wawili, na mtu mmoja wa mbali aliyekuwa akitangaza dawa ya nguvu. Judith aliangalia simu, akairudisha mezani, akaendelea kusuka.

Jumamosi iliyofuata Judith alikwenda sokoni mapema. Editha alifagia, akabandika maji, kisha akasimama mbele ya kabati. Nyuma ya kabati ulikuwepo mkeka mmoja uliokunjwa na kufungwa kwa utepe wa khanga. Aliusuka mama yake. Aliutoa, akaufungua, akautandika uwanjani.

Ulikuwa mkeka mzuri jamani, hilo halina ubishi. Ukindu mweusi ulipanda na kushuka katikati ya ukindu mweupe, ukafanya safu ya milima kutoka upande huu hadi upande ule, kilele baada ya kilele, na hakuna mlima uliokatika. Mama yake aliuita mkeka wa milima. Editha aliutazama akitegemea kuumia kidogo. Hakuumia. Akashika simu, akaurekodi taratibu kutoka pembe hadi pembe, kisha akainua simu ili milima ya Uluguru yenyewe ionekane kwa nyuma, ikiwa bado imejifunika wingu. Chini ya video akaandika: "Mikeka yetu ya ukindu. Tunapokea oda."

Mpaka adhuhuri video ilikuwa imesambaa. Maoni yalishuka moja baada ya jingine, na Editha akawa anajibu kama alivyofundishwa. Mmoja akauliza, "Huu kausuka nani?"

Vidole vya Editha vilisimama juu ya simu. Kisha vikaandika, "Sisi wenyewe."

Muda si mrefu ukaingia ujumbe wa mwanamke aliyejitambulisha kwa jina la Bi Mwajuma wa Kihonda. Binti yake alikuwa anaolewa mwezi unaofuata, na alitaka mkeka wa kumkalisha bibi harusi. "Nataka kama huu huu, wenye hiyo milima," aliandika. "Nikiupenda, ndugu zangu nao watachukua kwenu." Editha akajibu kwamba utakuwepo.

Judith aliporudi na kusikia kuna oda ya harusi, alipiga kigelegele mpaka Zuhura akatoka chumbani na mswaki mdomoni. Kisha akaomba kuona video. Aliitazama hadi mwisho, kisha akairudisha mwanzo.

"Huu ni wa dada," alisema polepole.

"Ndiyo, Mama mdogo."

"Umeandika ni wetu."

"Kwani si wetu?"

Judith alimrudishia simu. Alifikiria kibanda kisicho na wateja, akafikiria maandazi. "Basi," alisema mwishowe, "nitajaribu kuusuka kama huo." Hapo ndipo alipokosea yeye, na yeye ni mtu mzima.

Mkeka hausukwi mzima mzima. Husukwa ukili, yaani utepe mrefu wa upana wa vidole vichache, kisha ukili huo huzungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka upatikane. Ili mlima utokee, weusi wa ukili wa juu lazima uangukie sawasawa juu ya weusi wa ukili wa chini. Judith alisuka huku akihesabu michane, yaani vipande vya ukindu uliochanwa, kwa midomo, kama mtu anayesali. Lakini michane hailingani unene. Alipoanza kushona, milima ilisukumana. Mmoja ulikatika kiunoni, mwingine ukateleza kwenda pembeni. Akafumua. Akasuka tena, akafumua tena.

"Dada alikuwa anahesabuje?" alijiuliza kila mara. "Na mimi mjinga nilikuwa nakaa naye, sikumuuliza."

"Tumpe ule ule," Editha alisema.

Judith aliinua uso. "Mkeka wa mama yako?"

"Upo tu nyuma ya kabati."

"Na wewe hutaumia?"

"Siumii," Editha alisema, na lilikuwa jibu la kweli. Judith alimtazama kwa muda, akaogopa kidogo, akarudi kwenye ukili wake.

Siku chache baadaye Judith alikwenda Mkuyuni kutafuta ukindu mwembamba zaidi, akiamini labda kosa ni la ukindu. Ndipo Bi Mwajuma alipopiga hodi bila kutoa taarifa. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, na alikuwa amepita kuona kazi imefikia wapi.

"Karibu. Shikamoo, mama," Editha alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuangalia mkeka wangu. Upo?"

Editha hakufikiri sana. Aliingia ndani, akautoa mkeka nyuma ya kabati, akaufungua utepe, akautandika mbele ya mgeni.

"Mashaallah!" Bi Mwajuma alishika shavu. "Kwa macho ni mzuri kuliko kwenye simu." Akapiga goti kwa shida, akapitisha kiganja juu ya milima. Alikuwa mtu aliyekulia kwenye mikeka, si kwenye makochi. Kiganja kikasimama. Akageuza pembe, akatazama upande wa chini, akaunusa. Uso wake ukabadilika.

"Mwanangu, huu umelaliwa. Hapa katikati umelainika. Nani alikuwa analala hapa?"

"Mama."

"Mama yupo? Niitie nimsalimie, tuzungumze."

Editha alikuwa na jibu lake la kila siku. Yuko Kinole. Alilitafuta mdomoni, akalikosa. Mwanamke huyu alikuwa anatazama mlango, akingoja mama atoke.

"Mama alifariki," Editha alisema.

Aliisikia sauti yake ikilisema neno lile, akashangaa kwamba limetoka.

Bi Mwajuma aliondoa mkono juu ya mkeka. "Innalillahi," alinong'ona. "Na huu ndio aliougulia?"

"Ndiyo."

"Ukataka nimkalishe bibi harusi juu yake?" Sauti ilipanda. "Mkeka aliougulia marehemu? Siku ya furaha ya mwanangu? Mtoto wewe, unajua ulichotaka kunifanyia?"

Editha alisimama mikono ikining'inia. Alijua. Kijijini kwao hata mtoto mdogo anajua kwamba mkeka wa marehemu hauendi harusini. Aliwahi kuona mikeka ya namna hiyo ikikunjwa na kuwekwa mbali, kwa heshima. Lakini mtu aliyekufa ganzi anaweza kukanyaga kaa la moto na asijue mpaka anuse harufu.

Hapo Judith akaingia na fungu la ukindu kichwani. Aliuona mkeka chini, akamwona mgeni, akaelewa. Akautua mzigo, akaketi chini kabisa, kwenye vumbi.

"Dada yangu, nisamehe mimi," alisema. "Mtoto alirekodi, ila mimi niliona nikanyamaza. Mkeka huu aliusuka marehemu dada yangu. Mimi mwenyewe sijaweza kuusuka. Ningekwambia mapema usingesumbuka kuja."

Bi Mwajuma alivuta pumzi. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini alimtazama Editha kwa mara ya pili, na safari hii alimwona.

"Poleni na msiba," alisema. Aliukunja mkeka ule yeye mwenyewe, taratibu, kama mtu anayekunja nguo ya mtoto aliyelala, akaufunga kwa utepe wake. "Harusi bado haijafika. Mkiweza kusuka mwingine, mpya, nitauchukua. Mkishindwa, niambieni kweli nikatafute kwingine. Na yale maneno kwenye simu myarekebishe, kwa sababu mimi si mtu wa mwisho kuyaamini."

Alipoondoka, Judith aliingia jikoni kupika, maana hata siku kama hiyo watu hula. Editha akabaki na mkeka. Aliufungua tena, hakujua kwa nini. Akalala juu yake kifudifudi, shavu kwenye ukindu, na mkono wa kushoto akaunyosha mbele yake.

Ndipo alipokumbuka. Mama yake, akisuka barazani Kinole, alikuwa na kawaida ya kuulaza ukili juu ya mkono wake wa kushoto, kisha kuendelea. Wote walidhani anaunyoosha tu. Editha alikaza macho. Ncha ya kidole chake cha kati ilikuwa kwenye kilele cha mlima mmoja. Akasogeza kiwiko kidogo. Kiwiko kilikaa kwenye kilele cha mlima uliofuata. Akahamia mlima mwingine: kidole kwenye kilele, kiwiko kwenye kilele. Na mwingine. Na mwingine.

"Mama mdogo!" aliita. "Hakuwa anahesabu. Alikuwa anapima kwa mkono!"

Judith alikuja mbio na mwiko mkononi. Aliulaza mkono wake juu ya mlima; ulikuwa mfupi, haukufika. Kisha akauchukua mkono wa Editha, akaulaza yeye mwenyewe, akauona ukitosha kabisa.

"Umefanana naye mikono," alisema. "Umekua, na sisi hatukuona."

Editha alitazama mkono wake. Ulikuwa mkono wa kawaida, wenye wino wa shuleni. Kisha maumivu yakaanza. Yalikuja kama damu inavyorudi kwenye mguu uliokufa ganzi, kwa kuchoma choma kwanza, mpaka mtu anatamani ganzi irudi. Akalia. Alilia vibaya, kwa sauti, makamasi yakitoka, na Judith hakumwambia anyamaze. Ugali uliungua siku hiyo, na hakuna aliyeulalamikia.

Kesho yake wakaanza. Editha alisuka kila alipotoka shule, akilaza ukili juu ya mkono kama mama yake. Judith alishona. Pale mchane mnene ulipotaka kuusukuma mlima, mkono ulisema hapana, wakafumua kidogo na kurudia. Si kwamba ganzi ilikwisha. Siku nyingine aliamka nayo, akafagia nayo, akaenda nayo shule. Lakini siku hizi ilikuwa inaondoka na kurudi, na alipolaza ukili juu ya mkono wake aliweza kusikia kitu, hata kama kitu chenyewe kilikuwa kinauma.

Kuhusu ukurasa, Zuhura hakupenda kwanza. "Mkisema hamkuusuka nyinyi, watu watawakimbia," alionya.

"Wakimbie," Judith alisema. "Mwonyeshe tu jinsi ya kurekebisha."

Zuhura akaguna, kisha akamwonyesha Editha mahali pa kuhariri maelezo ya video na jinsi ya kubandika maoni juu ya mengine yote ili yasomwe kwanza. Editha aliandika kwamba mkeka ule ulisukwa na marehemu mama yake na hauuzwi, kwamba alikosea kusema wameusuka wao, na kwamba sasa wanajifunza kuusuka. Wapo waliotukana. Wapo walioondoka kimya. Lakini walipoanza kuweka video fupi za mikono tu, ukili ukilazwa mkononi na mlima mdogo ukiota kidogo kidogo, wengine walirudi kila jioni kuuliza mlima umefikia wapi.

Bi Mwajuma alikuja kabla ya harusi. Alipiga goti tena, akageuza pembe, akanusa. Mlima mmoja, wa pili kutoka pembeni, ulikuwa umeinama kidogo.

"Huu ulisukwa siku ya mtihani," Editha alisema kabla hajaulizwa. "Nilikuwa na haraka."

Bi Mwajuma alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Hata kule juu ipo iliyoinama," alisema akionyesha Uluguru. "Nauchukua. Na dada yangu naye anataka wake, ila yeye msimpe ulioinama."

Alipokwenda zake, Judith alimwita Editha akae karibu naye.

"Mwanangu, simu haikutukosea," alisema. "Yale aliyotufundisha Zuhura ni elimu, na tutaendelea nayo. Ila mtu akivutwa na picha, mwisho wake anakuja mpaka hapa mlangoni, na hapa anakuta tulichonacho kweli. Kazi ya mtu mwingine ukiionyesha, mtaje aliyeifanya. Usichoweza, sema bado sijaweza, kisha jifunze. Mimi niliiona ile video nikanyamaza kwa sababu nilitaka oda, na kunyamaza kule kulikuwa uongo pia. Tusirudie, mimi na wewe." Akachukua mchane, akaulainisha kwa kidole gumba. "Na jambo la mama yako usilifiche tena. Likiuma, niambie. Mimi pia linaniuma."

"Sawa, Mama mdogo."

Jioni hiyo Editha aliposti video ya mkeka mpya, iliyorekodiwa asubuhi, bila ndoo kwa nyuma. Haikuchukua muda mtu akauliza, "Huu kausuka nani?"

Editha akaandika: "Mimi, Editha, na mama yangu mdogo Judith. Milima ni ya mama yangu, Veronika. Alifariki mwaka jana."

Alilisoma jibu lake mara moja. Kifua kilimuuma, akakiacha kiendelee kuuma. Hakufuta neno. Akatuma, akaweka simu mezani, akaenda uwanjani kuanua ukindu.